Kilo hazijashuka sana lakini nguo zimenikataa: nipunguze sasa au nisubiri?

SWALI

Habari za kazi, fundi. Nina miaka 34, nafanya kazi ya ofisini hapa Morogoro. Tangu Machi naenda jimu siku tatu kwa wiki: nachuchumaa na chuma begani, navuta vyuma, na Jumapili nakimbia kidogo. Nilianza na kilo 78, leo mwezi wa saba nina 76. Mizani inanikatisha tamaa, ila nguo zinasema mengine. Suruali zangu kiunoni inaingia ngumi nzima, na hapohapo mapajani zinabana kuliko zamani. Gauni la kitenge nililoshonewa mwaka jana kwa sendofu ya mdogo wangu halifungi zipu mgongoni, wakati mbele kifuani linapwaya. Nimejipima: kiuno kimetoka inchi 36 hadi 33, kifua kipo palepale 40, paja limeongezeka nusu inchi. Desemba kaka yangu anaoa na kitenge cha sare nimeshanunua. Je, nguo nizipeleke zipunguzwe? Sare nishone lini? Na niache vyuma ili mapaja yasizidi kukua?

JIBU

Dada yangu, vyuma usiache. Na mwezi huu usimruhusu fundi yeyote aweke mkasi kwenye nguo zako.

Mizani na tepu havipimi kitu kimoja. Lita moja ya mafuta ya mwilini ina uzito wa gramu 900 hivi, lita moja ya misuli ina kama gramu 1,060. Tuseme tangu Machi umepoteza kilo 4 za mafuta na kujenga kilo 2 za misuli. Mizani itaona kilo 2 tu. Lakini mafuta yaliyoondoka yalikuwa yamejaza karibu lita nne na nusu, na misuli iliyoingia haijafika hata lita mbili. Maana yake zaidi ya lita mbili na nusu za mwili zimetoka ndani ya nguo zako. Halafu misuli inayofanyishwa kazi hujiwekea akiba ya sukari, na kila gramu ya sukari hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Kwa hiyo wapo wanaoanza mazoezi na wiki za mwanzo wakaongezeka kilo, wakaacha kwa hasira, kumbe walikuwa njiani. Mama zetu wa pwani wanalijua hili bila mizani: shanga za kiunoni zikianza kuteremka, kiuno kimepungua, hata kama mtu bado ni mzito vilevile.

Nguo zinakuchanganya kwa sababu mafuta na misuli havifuati ramani moja. Mafuta huondoka pale mwili unapoamua, kwa kufuata maumbile uliyorithi na homoni zako. Ukifanya mazoezi ya tumbo mia kwa siku, hayo hayaamui kwamba mafuta ya tumbo ndiyo yatangulie. Misuli yenyewe hukua palepale ulipoifanyisha kazi. Mtu wa mazoezi hapungui kama puto linalotoka upepo. Anapungua hapa, anaongezeka pale, na nguo iliyokatwa kwa umbo lake la zamani inabaki haina pa kushika.

Hilo la kifua ngoja nilieleze kwa kirefu, maana linawachanganya hata mafundi wazoefu. Tepu inasema 40 mwaka jana na 40 leo, kwa hiyo fundi anaapa gauni lazima likuenee. Lakini 40 ya mwaka jana pengine ilikuwa 22 mbele na 18 mgongoni, na ya leo ni 21 mbele na 19 mgongoni. Matiti yana mafuta mengi ndani yake, kwa hiyo mwili ukianza kuachia mafuta, nayo hupungua. Mgongoni kuna misuli mipana inayoanzia chini ya kwapa ikashuka hadi kiunoni. Ndiyo unayoiamsha kila unapovuta chuma kukileta kifuani. Inchi moja imehama kutoka mbele kwenda nyuma. Jumla haikubadilika, gauni limebadilika.

Niliwahi kuletewa blauzi na mwalimu mmoja, imechanika nyuma ya kwapa, mahali palepale kwa mara ya tatu. Kila ilipochanika alikuwa ameipeleka kushonwa upya, na kila fundi aliongeza uzi tu. Nikamwambia aivae, anyooshe mkono juu kama anayeandika ubaoni. Kitambaa kikachora mikunjo mitatu mirefu kutoka kwapani hadi kwenye uti wa mgongo, imekaza kama kamba za hema. Nikamuuliza, "Mwalimu, unabeba nini siku hizi?" Akacheka, akasema ana miezi sita anafanya mazoezi ya kujivuta juu kwenye chuma. Uzi haukuwa na kosa lolote. Mgongo ulikuwa umepanuka, na aliyekata ile blauzi aliukatia mgongo wa zamani.

Kwa hiyo dada, anayekupima mwambie asiishie kuzungusha tepu. Akupime mgongo kutoka mkunjo wa kwapa hadi mkunjo wa kwapa, kisha mbele vivyo hivyo, na aandike namba mbili. Akipenda akupime pia urefu wa mbele kutoka begani hadi kiunoni, na wa nyuma. Wewe unakaa ofisini, na watu wa ofisini mabega huinama mbele. Mazoezi ya mgongo huyarudisha nyuma, mtu akasimama wima, na hapo mbele huhitaji kitambaa kirefu zaidi. Usishangae gauni la zamani likionekana limepanda juu kidogo mbele ilhali hukurefuka hata kidogo. Makalio nayo yakijaa, pindo la nyuma ndilo hupanda, kwa kuwa kitambaa kina mlima wa kuvuka.

Sasa mapaja. Kwa wanawake wengi, mapaja na nyonga ndilo ghala la akiba ambalo mwili hulifungua mwishomwisho. Wewe una misuli inayokua chini ya mafuta ambayo bado hayajaondoka, ndiyo maana tepu imeongezeka nusu inchi. Hali hiyo haiendelei milele. Misuli hukua kwa kasi kwa anayeanza, kisha mwendo hupungua, na mwanamke ana homoni ya testosteroni kidogo sana akilinganishwa na mwanaume, kwa hiyo hofu ya kugeuka mbeba mizigo wa bandarini iondoe moyoni. Wateja wangu wengi waliovumilia, paja lilisimama, kisha likaanza kushuka taratibu. Ukiacha vyuma leo, utapoteza hiyo misuli, na mafuta ya mapajani yatakuwa bado yapo.

Hicho kiuno nacho kifurahie. Inchi 36 hadi 33 ni kazi kubwa. Hata madaktari hupima kiuno kwa tepu: Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 88, yaani karibu inchi 35, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huwa imepanda sana. Wewe umeshavuka mstari huo kwenda upande mzuri, na mizani haikukupa hata pongezi.

Tuje kwenye mkasi. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mteja aliyekuwa akifanya mazoezi kwa bidii aliniletea magauni manne. Nikayapunguza inchi tatu tatu, na kitambaa kilichobaki ndani ya mishono nikakikata, nikapiga ovaloki, kazi ikawa safi ya kutamanisha. Miezi michache baadaye aliumia goti, mazoezi yakasimama, mwili ukarudi kidogo tu, kiasi cha inchi moja na nusu. Akarudi na magauni yale kwenye mfuko. Sikuwa na cha kuachia. Nilikuwa nimetupa nguo zake kwenye kapu la vitambaa chakavu kwa mkono wangu mwenyewe, na ule mfuko bado nauona hadi leo. Tangu siku hiyo, nguo ya mtu ambaye mwili wake bado unabadilika naipiga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, avae wiki chache, ndipo nishone kwa cherehani, na cha ndani sikikati.

Suruali zako hazifanani zote. Kiunoni zinaweza kupunguzwa kwenye mshono wa katikati nyuma, lakini mwisho ni inchi moja na nusu, mbili kwa shida. Ukizidisha hapo, mifuko ya nyuma itakaribiana na mishono ya pembeni itavutwa kwenda nyuma. Ngumi nzima ni zaidi ya hapo, kwa hiyo mkanda lazima ufunguliwe, upunguzwe pembeni, na ziongezwe dati, vile vikunjo vyenye ncha. Mapajani ndipo penye kazi ngumu. Geuza suruali uangalie ndani. Kama ilishonwa na fundi, huenda aliacha inchi nzima ya akiba, na hiyo inaachiwa. Kama ni ya kiwandani au ya mtumba, utakuta sentimita moja na ovaloki juu yake, hakuna kitu pale. Hiyo itahitaji kipande cha kuongeza kwa ndani ya paja, na suruali ya elfu kumi haistahili gharama hiyo; mpe mtu mwingine. Na ukienda kununua nyingine, chagua inayokaa vizuri mapajani na makalioni, kiuno uje upunguze. Kupunguza ni kazi ya saa moja, kuongeza ni kutafuta kitambaa ambacho hakipo.

Gauni la sendofu usilitupe. Kitenge ni pamba isiyovutika, hakikusamehei hata nusu inchi, lakini dawa ipo: itolewe zipu ya mgongoni, viwekwe vitanzi na kamba ya kufungia, na kipande cha kitambaa hichohicho kwa ndani kuziba uwazi. Mbele pakazwe kwenye dati. Utakuwa na gauni linalofuata mwili wako popote uendako.

Kujipima, chagua asubuhi kabla ya kula. Usijipime ukitoka jimu, maana misuli huwa imejaa damu na tepu itakudanganya. Zile siku za kabla ya hedhi nazo ziruke, mwili hushika maji. Kiuno usikikisie: funga lastiki nyembamba tumboni, inama kulia na kushoto, itajiweka yenyewe mahali kiuno kilipo. Tepu ilale sawa mbele na nyuma, kidole kimoja kipite chini yake. Vaa sidiria utakayovalia nguo hiyo. Mkono upime ukiwa umeulegeza, kisha ukunje kiwiko, uandike ile kubwa. Paja lipime umesimama, kisha umekaa, kwa sababu paja la aliyekaa hutanuka, na suruali huchanika mtu anapokaa. Rudia kila baada ya wiki nne. Vipimo viwili vya kufuatana visipotofautiana zaidi ya nusu inchi, mwili umetulia na mkasi unaweza kufanya kazi. Nikuombe jambo moja: kama wakati wowote utaona unapungua kwa kasi bila kuongeza mazoezi wala kubadili chakula, usije kwa fundi, nenda hospitali.

Sare ya Desemba isikutie presha. Leo hii kitenge kiloweke, kifue, kianike, kipige pasi, maana pamba hurudi, na heri kirudi kabla ya kukatwa. Kisha kiweke kabatini. Pima Agosti, Septemba na Oktoba, na ukate wiki ya kwanza ya Novemba. Mwambie fundi akukatie mkato wa prinsesi, ule wa mishono mirefu inayopita juu ya kifua na mgongoni. Sababu yangu ni ya hesabu, hata kama mkato wenyewe pia ni mzuri. Gauni la namna hiyo lina mishono miwili mbele, miwili nyuma na miwili ya pembeni, jumla 6. Kila mshono ukiachiwa robo inchi kila upande, unapata nusu inchi. Mara 6 ni inchi 3 nzima za kuongeza au kupunguza, na jicho la mtu halitaona popote palipoguswa. Gauni la mishono miwili ya pembeni likiachiwa vivyo hivyo linakupa inchi moja tu. Fundi aache inchi nzima ya akiba kwenye kila mshono, na asiikate hata ukimwambia umeridhika.

Kujaribisha kwa mwisho kuwe siku kumi kabla ya harusi, gauni likiwa bado lina bandi mgongoni. Usisimame mbele ya kioo kama picha. Kaa kwenye kiti, inama kama unayemsalimia bibi aliyeketi mkekani, kisha inua mikono yote miwili juu kama siku yenyewe utakavyoiinua kaka yako akiingia ukumbini. Bandi ikikatika, ikatikie hapo kwa fundi.