Kofia si pambo: majibu ya maswali yenu ya Kiesperanto

Ni lazima niandike zile alama za kofia? Kwenye simu zinanichelewesha.

Ni lazima. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado ujumbe unaingia bila kofia. Ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ na ŭ ni herufi kamili kati ya 28 za alfabeti ya Kiesperanto, lugha ya kubuniwa aliyoiunda Zamenhof. *Mi ŝatas* ni "napenda". *Mi satas* ni "nimeshiba". Mwanafunzi wangu mmoja aliniandikia kwamba ametuma *pagon*, nami nikakaa siku mbili nikingoja malipo. Kumbe alituma ukurasa, *paĝon*. Gboard, kibodi ya simu ya Google, ina Kiesperanto kwenye orodha yake ya lugha. Kaiwashe leo.

Kama sina kibodi hiyo, niandike h au x baada ya herufi badala ya kofia?

Zamenhof mwenyewe aliruhusu h pale chapa isipokuwa na kofia, ila inapotosha: *flughaveno*, uwanja wa ndege, ni *flug* na *haveno*, na aliyezoea h ataisoma gh hiyo kama ĝ. X haimo kwenye alfabeti, kwa hiyo haimchanganyi msomaji. Itumie kwenye ujumbe wa haraka. Kwenye kitu cha kuchapishwa, usithubutu.

Kwa nini kofia zisifutwe kabisa?

Yalishajaribiwa hayo. Mwaka 1894 Zamenhof alipendekeza mabadiliko yaliyoziondoa, wasomaji wa gazeti la *La Esperantisto* wakapiga kura kuyakataa. Mwaka 1907 ikaja Ido, lugha iliyotokana na Kiesperanto lakini isiyo na kofia, na wasemaji wake ni wachache hadi leo. Kitabu cha msingi, *Fundamento*, kilikubaliwa Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1905 ili lugha isichanwe vipande kila mwenye wazo jipya anapojitokeza.

Ni kweli kwamba matamshi ni mepesi kwetu Waswahili?

Mkazo ndiyo, maana huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu. *Familio* ni fa-mi-LI-o, na Wazungu wengi huikosea. Lakini msibweteke. Ŭ si irabu, haihesabiwi silabi: "leo" ni ho-DI-aŭ. Ukiiandika *hodiau* utaisoma ho-di-A-u, na hapo ndipo uzembe wa tahajia unapohamia mdomoni. Ugonjwa wetu mwingine ni kupachika irabu katikati ya konsonanti. *Knabo* ni mvulana. *Kanabo* ni mmea wa bangi. Mzazi anayemtambulisha mwanawe na aangalie anachosema.

Kemia ni ĥemio au kemio?

*Kemio*. Vivyo hivyo *arkitekto* na *tekniko*. Ĥ, ile kh ya anayetamka "kheri" Kiarabu, imepungua sana, lakini haijafa: *eĥo*, mwangwi, bado inayo.

Mtu wa Tanzania ni tanzano?

Hapana, *tanzaniano*, kwa kuwa mzizi ni *tanzani-*. Wa Kenya ni *kenjano*, na j hiyo husomwa y.

Hospitali ni malsanulejo au hospitalo? Kamusi yangu ina zote mbili.

Zote zinatumika. Mimi nasema *malsanulejo*, nitakwambia kwa nini. *Sana* ni mwenye afya, *mal-* hugeuza maana, *-ul-* ni mtu, *-ej-* ni mahali. Vipande hivyo mwanafunzi wa Bunda anavyo ndani ya mwezi wa kwanza, na neno analiunda mwenyewe bila kuuliza mtu, kama tunavyounda mgonjwa na ugonjwa kutoka mzizi -gonjwa. *Hospitalo* humsaidia zaidi aliyekwisha kujua lugha ya Ulaya. Ndivyo ilivyo kwa *kurta* badala ya *mallonga*, na *olda* badala ya *maljuna*. Washairi walizipenda kwa ufupi wake, lakini kila neno la namna hiyo ni mzigo mpya kwa asiyezaliwa Paris wala Roma. Kongamano la Dunia la lugha hii lilifika Afrika mara ya kwanza mwaka 2024, pale Arusha. Waliojifunza baada ya hapo wana haki ya lugha ambayo wanaweza kuijenga kwa mikono yao.

Anayeniandikia wiki ijayo na atume swali likiwa na kofia zake. Yasiyo nazo sitayajibu.