Babu anataka nimrithi kazi ya kaya. Nikubali au nikatae?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh wetu. Mimi ni kijana wa Kidigo, nina miaka 17. Nasomea ufundi wa umeme mjini Mombasa, nakaa kwa dada yangu Likoni na kuvuka feri kila siku. Babu yangu mzaa mama ni mmoja wa wazee wa kaya, yaani msitu wa jadi wa sisi Wamijikenda unaolindwa kwa miiko, huko Kwale. Mwaka huu ameumwa sana, akaniita, anataka niwe nikifuatana naye msituni nijifunze kazi yake, kwa kuwa wajukuu wengine wamekataa. Akanipa na kaniki yake. Nimeificha chini ya godoro, maana wenzangu wakiiona wataniita mganga. Ustadhi mmoja ameniambia mambo ya kaya yote ni ushirikina, nikatae moja kwa moja. Nikikataa naona nimemtupa babu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaikumussalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kilichonigusa zaidi ni ile kaniki chini ya godoro. Nitaifikia.

Mzee wa kaya ana kazi za aina mbili. Analinda msitu usikatwe, anajua mipaka yake na makaburi ya wazee yalipo, na watu wakigombana huwapatanisha. Hiyo ni amana. Kisha yapo matambiko: kuchinja penye fingo, yaani kago lililozikwa kuilinda kaya, na kuziomba koma, yaani mizimu ya wazee, zilete mvua au ziondoe maradhi. Hiyo ni ibada, na ibada ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Katika Hadithi ya Ali aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) amesema kuwa Mwenyezi Mungu amemlaani anayechinja kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Hapo sina la kukulegezea, hata babu akilia.

Wala usijiambie kwamba utachinja palepale ila moyoni umnuie Mola wako. Mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume akauliza: je, palikuwa na sanamu ya zama za ujahili ikiabudiwa? Akajibiwa hapana. Je, palifanywa sikukuu yao yoyote? Hapana. Ndipo akamruhusu atimize nadhiri yake. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Basi mahali panapoombwa koma, kisu chako kisifike.

Lakini huyo ustadhi aliyekwambia ukatae vyote amekata pasipokatwa. Tazama Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria. Kuizunguka Kaaba palikuwa na masanamu 360, na Mtume hakuliacha hata moja. Ila kazi mbili za urithi alizibakisha. Ufunguo wa Kaaba aliurudisha kwa Uthman bin Talha, na ukoo wa Banu Shayba ndio wanaoushika mpaka leo. Kuwanywesha mahujaji maji kukabaki kwa ami yake, Abbas. Wazee wa watu hawa walizifanya kazi hizo tangu zama za masanamu. Uislamu uliyatoa masanamu, ukamwacha mlinzi mlangoni. Nawe usije ukaona kulinda msitu kunatosha badala ya sala, kwani Sura At-Tawba aya ya 19 inakanya kuwafananisha wanaowanywesha mahujaji na aliyemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho.

Mimi mwenyewe niliwahi kumsindikiza mzee mmoja hadi ukingoni mwa msitu wa kaya. Tulipotoka aliinama, akachomoa kijiti kilichonasa kwenye kandambili yangu, akakirudisha ndani taratibu. Hakuna kinachotoka humo. Nikakumbuka kwamba Mtume aliifanya Madina kuwa takatifu, miti yake isikatwe. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na iliyoifikisha hapo ikiwa bado imesimama ni miiko ya wazee kama babu yako. Wakiondoka bila wa kuwapokea, mwenye shoka hatangoja.

Sasa hiyo kaniki. Nakuuliza kama mzazi wako: umeificha kwa kumwogopa Mungu, au kwa kuwaogopa wenzako? Ukiyakataa matambiko kwa ajili ya tauhidi yako, una hoja. Ukiikataa kaya kwa kuona haya kuwa Mdigo, hiyo si dini, na usiivishe kanzu. Makabila ameyaumba Mwenyezi Mungu ili tujuane, ndivyo isemavyo Sura Al-Hujurat aya ya 13. Kaniki ni nguo. Kuifunga kiunoni kwa adabu ya kuingia mahali pa wazee ni halali. Ukiitakidi kwamba yenyewe inakukinga, hapo imegeuka hirizi, iache.

Masomo yako usiyaache. Kutafuta ujuzi wa kujitegemea si kumuasi babu, na sijaona katika barua yako kwamba amekutaka uhamie kijijini. Nenda siku za mapumziko. Keti naye, mshike mkono, umwambie: "Babu, msitu nitaulinda. Nionyeshe mipaka, nitajie majina ya miti na dawa zake, nionyeshe makaburi niwaombee dua waliomo. Kuziomba koma na kuzichinjia siwezi, nisamehe." Kama naye ni Mwislamu, walivyo Wadigo wengi, huenda maneno hayo yakamgusa kuliko unavyodhani. Akikasirika, usipandishe sauti. Sura Luqman aya ya 15 inazungumzia wazazi wanaomshurutisha mtoto hata kushirikisha: asiwatii katika hilo, na bado akae nao kwa wema. Babu ni mzazi. Mpelekee dawa, mchotee maji, urudi tena wiki nyingine.

Na hiyo kaniki itoe chini ya godoro, uifue, uianike nje kama nguo zako nyingine.

Wallahu aalam.