Maswali Yenu: Mzimu Una Mwenyewe

Natembeza wageni Jambiani. Mgeni kutoka Marekani kaniambia kwao Sedona kuna majabali yenye nguvu inayozunguka, akauliza Pango la Kuumbi lina nishati ya aina gani. Nikakosa la kusema. Nimjibu nini?
*Mtembezaji, Jambiani*

Kwanza umjue anachozungumzia. Sedona iko jimbo la Arizona. Majabali yake ni ya jiwe la mchanga, na wekundu ule ni kutu ya chuma iliyozifunika chembe za mchanga. Wanaoamini hutaja pahala panne zaidi: Bell Rock, Cathedral Rock, Airport Mesa na Boynton Canyon. Hupaita vorteksi, yaani pahala pa nguvu inayozunguka, jina lililoenezwa miaka ya 1980 na Page Bryant, Mmarekani aliyedai kupokea ujumbe wa roho, na Agosti 1987 watu wengi walimiminika huko kungoja zama mpya. Ushahidi wanaouonesha ni miti jamii ya mtarakwa iliyojisokota shina. Lakini miti ya namna hiyo imeota pia mbali na majabali hayo, na jirani ya iliyojisokota imesimama mingine iliyonyooka kama mlingoti. Dira nayo haibabaiki, maana kutu ile haina usumaku wa kuisumbua sindano.

Kuna jambo wageni wengi hulipita. Boynton Canyon ni pahala pa asili ya Wayavapai na Waapachi, wenyeji wa kale wa Arizona, na walikuwa napo kabla neno vorteksi halijasikika. Hapo ndipo Sedona na Kuumbi zinapokaribiana: kote kuna wenyewe. Lakini nguvu ya vorteksi haina mwenyewe. Kila aliyefika anachota. Mzimu una mwenyewe. Kwa hiyo usimtafsirie "nishati", neno ambalo kwetu limeshakwenda kwenye umeme na gesi. Mwambie hapa pana mzimu, una mvyale anayeurithi na kuuangalia, na mtu huingia kwa ruhusa.

Akitaka la kumshangaza, mpe hili: Kuumbi wamechimbua waakiolojia, wakakuta watu walilitumia pango miaka kama 20,000 iliyopita, na mifupa ya punda milia na nyati imo. Wanyama hao hawakuogelea. Bahari wakati huo ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 na Unguja imeungana na bara. Pemba haikuungana, mkondo wake una kina kikubwa mno.

Ruhusa yenyewe iombwe siku moja kabla, si mlangoni mgeni keshavua miwani. Pitia kwa sheha akuoneshe mvyale, kisha uliza manne: siku gani hapaingiwi, sehemu gani haifikwi, viatu vinavuliwa wapi, na picha zipigwe au zisipigwe. Ubani au marashi usinunue kwa kukisia. Uliza kinachotakiwa na nani atakitia. Vitambaa vyekundu na vyeupe, chetezo, vipande vya vyungu na sarafu utakazozikuta si taka wala si mapambo. Linaloharibu zaidi ni mtembezaji kumwachia mgeni awashe mishumaa na kupanga fuwele alizokuja nazo. Mwenye pango akija kukuta nta imemwagika juu ya kafara yake, safari ijayo utakuta njia imefungwa, na atakuwa na haki.

Nikishuka pangoni mwili hunisisimka, na nikikaa sana kichwa huwa chepesi kama nataka kupaa. Ndiyo nguvu yenyewe?
*Bi K., Micheweni*

Bibi, hayo ni mawili, na la pili lisikupendeze.

Kusisimka kuna sababu nyepesi. Joto la pango halibadiliki sana mwaka mzima, hukaa karibu na wastani wa joto la nje, kama nyuzi 26 kwa visiwani kwetu. Ukitoka jua la Februari la nyuzi 32 na jasho mgongoni, lazima ngozi isimame. Ingia Julai alfajiri uone: pango lile lile litakuwa na vuguvugu. Ongeza kiza na kimya cha kukufanya usikie mapigo ya moyo wako. Kama ndani ya hayo kuna chengine, kila mtu na itikadi yake, na hukumu ya dini waulizwe masheikh.

Kichwa kuwa chepesi huenda ni hewa mbovu. Makaa ya chetezo yakiwaka pasipo na upepo hutoa monoksaidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na harufu nzuri ya ubani hukufanya uvute pumzi zaidi. Huanza kichwa kuuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, magoti kulegea. Mtu anaweza kuzimia akadhaniwa amepandwa na pepo. Chetezo kikae mdomoni mwa pango. Aliyelegea atolewe nje kwanza, mengine baadaye, na apelekwe hospitali hata akizinduka. Msiutegemee moto wa kibiriti kuwa kipimo: ukizimika, oksijeni imepungua na mtoke mara moja, lakini monoksaidi inaweza kukuua na kibiriti kinawaka.

Na popo wasiguswe. Kinyesi chao kikavu kikitimuliwa kina vumbi lenye kuvu inayodhuru mapafu. Funika pua kwa barakoa, usifagie. Chukua tochi mbili na viatu vya soli ngumu. Jiwe letu la matumbawe hukata kandambili kama kisu.

Maji ya kisima cha pangoni hupanda na kushuka bila mvua. Kwa nini?
*Kijana, Makunduchi*

Bahari inayasukuma. Maji matamu ni mepesi, yameelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kwenye jiwe. Bahari ikijaa, yote huinuka, ila kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo kadiri uendavyo mbali na pwani. Simika kijiti chenye alama, pima wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, utaona tofauti. Usichote kwa pampu kubwa. Ukiyamaliza matamu, chumvi hupanda.

Mgeni wetu alivunja jiwe linaloning'inia pangoni, akalichukua. Sasa amelirudisha kwenye nyumba ya wageni kwa posta. Tulibandike kwa saruji?
*Msomaji, Paje*

Hata kidogo. Jiwe lile hujengwa na tone la mvua lililoyeyusha chokaa likipita kwenye udongo na jiwe, likaiacha darini. Kwa kawaida hurefuka kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, basi kipande cha sentimita 10 ni kazi ya miaka 1,000 hivi. Saruji hutia doa na kuziba njia ya tone. Hata Uluru, Australia, walikopiga marufuku kupanda jabali tangu Oktoba 2019, hupokea mawe yaliyorudishwa kwa posta namna hiyo. Mpelekeeni mvyale kipande, na barua ya mgeni kama aliandika, naye ndiye atakayesema kilazwe wapi.