Mume Hanipigi, ila Anahesabu Vitumbua

Jumanne usiku msomaji wangu mmoja wa Morogoro amenitumia ujumbe. Salamu ndefu, pongezi za duka, kisha hivi: "Dada, mume wangu hanipigi, hanywi, na analala nyumbani kila siku. Ila nikiwa naye nasikia baridi. Nikisema nimechoka, kuna atakayenielewa?"

Mdogo wangu, nilikuelewa kabla hujamaliza salamu.

Sikumjibu palepale. Niliirudia filamu ya Kifaransa ambayo binti yangu aliniletea kwenye flashi, *Une vie*, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Stéphane Brizé kutoka kwenye riwaya ya Guy de Maupassant ya 1883. Msiikimbie kwa sababu ya mishumaa na magauni ya kuburuza. Jeanne ni binti wa baroni huko Normandy. Mwaka ni 1819, ametoka shule ya masista, na tunamkuta bustanini akipanda mboga na baba yake. Anaolewa na Julien, kijana mtanashati wa ukoo wenye jina kubwa na mfuko mtupu. Picha yenyewe imebanwa ikakaribia mraba, kama zile televisheni za zamani zenye mgongo. Binti yangu alidhani laptopu imeharibika, akaanza kubofya. Nikamwambia acha, mwanangu, ndoa nyingine ndivyo zilivyo, pembeni hakuna nafasi.

Baadaye niliitafuta riwaya yenyewe kwa tafsiri ya Kiingereza, na humo ndimo nilimojikuta. Julien akishaishika nyumba, anaanza kupunguza matumizi, na miongoni mwa vitu vya kwanza kufutwa ni kimkate ambacho mwokaji alikuwa akimtengenezea Jeanne kila asubuhi. Ale mkate wa kuchoma.

Nilifunga kitabu nikaenda kufagia uwanja uliokwishafagiliwa.

Maana mimi vyangu vilikuwa vitumbua. Mwaka 2010 tulipanga Mbagala, na jirani yetu alikuwa akipika vitumbua alfajiri, harufu ya iliki ikikuamsha kabla ya adhana. Nilikuwa nanunua viwili, shilingi mia mia, nanywea chai kabla watoto hawajaamka. Ndiyo ilikuwa starehe yangu yote ya siku. Jioni moja ya mwisho wa mwezi mwenzangu alitoa daftari, akaniambia kwa upole kabisa: "Siku ishirini na sita, viwili viwili. Elfu tano na mia mbili." Hakupandisha sauti. Alipiga mstari chini ya jumla kwa rula ya mtoto, akafunika kalamu, na kuanzia kesho yake hela ya mezani ikapungua kwa kiasi hichohicho.

Nilipopeleka malalamiko, kikao kikakaa. Mjomba akauliza, anakupiga? Hapana. Analala nje? Hapana. Watoto wanakula? Wanakula. Sasa mama, kosa lake nini? Nikasema, vitumbua. Walicheka. Mama yangu mzazi naye alicheka, akaziba mdomo kwa pindo la khanga. Amekwisha kuniomba radhi na nimemsamehe, lakini ile khanga naiona mpaka leo.

Jeanne naye alikalishwa kikao. Rosalie, msichana wao wa kazi aliyenyonya naye ziwa moja, anajifungua mtoto wa Julien. Baba mtu anawaka, anataka kumchukua binti yake. Padri anamtuliza, na katika riwaya anamuuliza kama yeye ujanani hakuwahi kuyafanya hayohayo. Baroni kimya. Wanaamua Rosalie apewe shamba lenye thamani ya faranga 20,000 ili apatiwe mume. Hapo ndipo Julien anapokasirika kwelikweli, kwa ajili ya bei! Anasema 1,500 zingetosha.

Na Jeanne angekwenda wapi? Ufaransa ilikuwa imefuta talaka mwaka 1816 na haikuirudisha mpaka 1884. Sisi mlango tunao. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakutaka kwa kawaida upitie kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama. Na tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikwishasema kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, masikini, lakini wengi tumepita alipopita yeye.

Mahakamani kwangu naparuka, hapana utamu. Nilitoka na cherehani moja na watoto wawili. Leo cherehani ni sita, fremu ni yangu, kodi silipi. Semeni najisifu. Najisifu, nimelala njaa ili niyapate hayo.

Sasa ushauri, maana ndio ulioomba. Kwanza, uwe na hela yako yenye mahali pake, iwe kikoba, iwe kibubu, iwe laini ya simu ambayo namba ya siri unaijua peke yako. Jeanne alipokwenda fungate mama yake alimpa faranga 2,000 za kwake mwenyewe. Julien akazipokea amtunzie, na siku Jeanne alipozihitaji aliulizwa anataka kiasi gani, akapewa 100. Ushauri wa pili ni uleule wa kwanza. Mabinti, acheni kuambiana kwamba mwanamke mwenye akiba hana imani na mumewe. Anayekupenda haogopi kibubu chako. Mnajua kuchagua rangi za sare ya harusi miezi sita kabla, ila hamjui kumuuliza mchumba mshahara wake unaishia wapi. Ulizeni! Kabla ya posa, siyo baada ya fungate.

Lakini niseme na hili, maana binti yangu husoma hapa na atanicheka nisipolisema. Jeanne akishafiwa na mume anamhamishia mwanawe Paul moyo wote pamoja na mkoba. Kijana anaandika barua za kuomba hela, mama anatuma, mpaka nyumba inauzwa. Rosalie ndiye anayerudi kushika matumizi. Nami nina kijana wangu Dodoma. Wiki hii ametuma ujumbe mara mbili, "Mama, nisaidie kidogo," na mara mbili nimetuma bila kuuliza ya nini. Dada anayenisaidia dukani aliliona salio, akaguna, akaendelea kukata kitambaa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, sikwambii uondoke wala ubaki. Nitakupigia Jumamosi nikishafunga duka. Ila kabla ya hapo nijibu kimoja tu: asubuhi chai unainywea na nini?