Makovu ya ini: daraja au asilimia?

SWALI: Mhariri, salaam. Baba yangu mdogo alichukuliwa kinyama cha ini kwa sindano, na majibu yakaandikwa kwamba makovu yamefika daraja la 2. Daktari mwingine alipoiangalia slaidi ile ile kwa hadubini, akasema ni daraja la 3. Je, hakuna namna ya kuyapima makovu kwa hesabu, badala ya kutegemea jicho la mtu? — Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Namna ipo, tena ni ya zamani. Ila ieleweke kwanza kwamba daraja si kipimo: linaeleza jinsi makovu yalivyokaa, kama yameishia kandokando ya mishipa au yameungana hadi kuyazingira mafundo ya seli, kwa hiyo daraja la 2 halina maana ya makovu maradufu ya daraja la 1, wala si ajabu wataalamu wawili kuhitilafiana kwa daraja moja.

Mwaka 1847 mwanajiolojia Mfaransa, Delesse, alionyesha kwamba jiwe likikatwa, sehemu ya uso wa mkato inayokaliwa na madini fulani hulingana na sehemu ya ujazo ambayo madini hayo yamechukua ndani ya jiwe. Ini nalo hupimwa hivyo. Mkato wenye unene wa maikromita 4 au 5 hutiwa rangi inayozifanya nyuzi za kovu zionekane nyekundu, kisha juu ya picha huwekwa wavu wa nukta na kuhesabiwa ngapi zimeangukia penye wekundu, mithili ya mtu anayemwaga punje za mahindi juu ya mkeka wa rangi mbili ili ajue ipi imechukua nafasi kubwa. Nukta 60 kati ya 400 zikiangukia kovu, kovu ni asilimia 15. Siku hizi kompyuta huhesabu, ingawa bado ni mtu anayeiambia wekundu unaanzia wapi, na jicho ulilolikimbia hurudi kwa mlango wa uani.

Shaka kubwa zaidi haimo katika kuhesabu. Kinyama cha sindano ni takriban sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini, na makovu hayaenei sawasawa. Ndiyo maana asilimia hizi huwafaa zaidi watafiti wanaolinganisha wagonjwa wengi, au hali ya kabla na baada ya dawa. Kwa baba yako mdogo, ulizeni kinyama kilikuwa na urefu gani, kwa kuwa kifupi hupotosha, na chanzo cha makovu ni kipi: homa ya ini aina ya B na kichocho cha tumbo havitibiwi kwa dawa moja.