Bia ikikaa karibu na mkate

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nanguruwe. Baada ya shikamoo akaniambia, "Mjomba, nataka kuongeza friji la bia pale dukani. Unga na sukari havilipi." Nikamuuliza anafungua saa ngapi. "Saa kumi na mbili asubuhi." Anafunga? "Watu wakiisha."

Nikacheka, maana hata mimi hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya kufunga kwa miaka sita hapa Masasi, na ndiyo iliyonifikisha siku moja kukuta mlangoni kufuli lisilo langu.

Duka langu lilikuwa jirani na stendi. Alfajiri wanakuja abiria wa mabasi ya Dar, wananunua mkate, maji na karanga. Vijana wa bodaboda nao walikuja alfajiri, ila wao walitaka viroba, ile pombe kali ya vipakiti. Sitaficha: viroba vilikuwa vinalipa kuliko mkate. Vikapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na aliyetangaza ni Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule, mtu wa kwetu Ruangwa, kwa hiyo hata kulalamika tukaona haya. Nikaweka bia mahali pa viroba, nikiamini wanywaji wa asubuhi watahamia huko.

Hawakuhamia. Nilipopekua daftari la mauzo la miezi mitatu, bia zilizotoka kabla ya saa sita mchana hazikujaza kreti mbili. Lakini kwa hizo chache, wanaume wawili watatu walikuwa wanakalia benchi langu tangu saa mbili asubuhi, na akina mama waliozoea kutuma watoto kununua mafuta ya kupima wakaanza kuwatuma duka la ng'ambo ya barabara. Hasara ya namna hiyo huioni kwenye daftari. Mimi niliiona kwenye dumu la mafuta: lililokuwa likiisha kwa wiki, sasa linakaa wiki tatu.

Kufuli lilikuja kwa kosa jingine. Nilidhani leseni ya biashara inatosha, na kwamba maadamu mlango uko wazi, kila kilichomo ndani kinauzika. Kumbe kileo kina leseni yake chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, tena ina muda wake, ikiisha unaomba upya. Kuna leseni ya mteja kununua akaondoka na chupa yake, na kuna ya kunywea pale pale. Saa za kuuza zinafuata leseni, hazifuati mlango. Sisi neno "grosari" limetuchanganya sana: ukilitaja, kila mtu anaona viti vya plastiki na spika, wakati asili yake ni duka la vyakula. Mimi nilijitetea kwamba sina baa, nina benchi moja. Nikaambiwa benchi lenye mtu mwenye chupa mkononi linatosha.

Kwa hiyo, mpwa wangu, soma ile karatasi ya leseni kabla hujanunua friji, na uisome taratibu. Saa zikiandikwa kizungu, 23:00 ni saa tano usiku, na 10:00 ni saa nne asubuhi, siyo saa kumi. Ikikushinda, nenda kwa afisa biashara wa halmashauri akufafanulie.

Siku hizi duka nafungua saa ile ile ya alfajiri, lakini friji la bia lina kufuli lake na ufunguo anakaa nao mke wangu. Bia zinapitia dirisha la pembeni, jioni. Ramadhani naliwekea pazia kabisa, maana saa kumi na moja watu wamejaa kununua tende na sukari ya futari, na mimi sitaki jirani yangu asimame mbele ya chupa akiwa na swaumu. Mtoto akija na chupa tupu kwamba baba kamtuma, namrudisha nayo. Chupa yenyewe imeandikwa chini ya miaka 18 asiuziwe. Baba akikasirika, atakuja mwenyewe.

Penye mtihani ni msimu wa korosho. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zinakwenda ghalani, zinasubiri mnada, halafu hela inaingia benki. Hapo katikati mfukoni hamna kitu na kiu ipo. "Niandike, mnada ukilipa nakupa." Nimeandika sana. Waliokopa saa kumi na moja jioni wengi walilipa, na waliokopa saa nne usiku walikuja kunibishia idadi, nao hawakuwa waongo, walikuwa hawakumbuki. Sasa ikifika saa mbili usiku daftari linafungwa, hata kama dirisha liko wazi. Hii kanuni haimo kwenye leseni yoyote, ni ya kwangu, na imeniokoa kuliko zote.

Tena usiku ndipo anapokuja mtu na sufuria ya korosho chini ya shati, anataka bia tatu. Hiyo ni kangomba, yaani kununua korosho kwa magendo nje ya chama, usiiguse. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, watu wa kangomba walisakwa sana huku kwetu. Na hata bila kusakwa, zile korosho mara nyingi ni za mkewe, na asubuhi mama huyo ndiye atakayekuja kununua chumvi kwako.

Mpwa wangu alisikiliza yote, akanyamaza kidogo. "Sasa mjomba, friji ninunue au nisinunue?"

Nikamwambia anunue, ajaze soda na maji mpaka leseni itoke. Kwa joto la Nanguruwe, friji litajilipa.