Usimlipie mama hiyo paketi ya virutubisho kabla hajapimwa damu

Usitume hizo shilingi 900,000 za paketi. Kama umeshaziweka kwenye simu, zitoe leo leo.

Nimesoma uliyoandika: mama yako yuko Mbale, mashariki mwa Uganda, ana miaka 58, ana presha, magoti yanamuuma, kashikishwa kijiti cha chuma chini ya hema sokoni, mashine ikasema kalsiamu imepungua na ute wa magoti umekauka. Sasa unatuuliza umnunulie kalsiamu, glukosamini (vile vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya viungo) au mafuta ya samaki. Ndugu yangu, kijiti hicho hicho nimekishika mimi.

Yangu ilikuwa Kampala, ghorofa ya tatu ya jengo moja katikati ya mji. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimeniamsha usiku wa manane, kimevimba, kinawaka moto, hata shuka ikikigusa napiga kelele. Nikapelekwa kwa kijana aliyevaa koti jeupe, watu wote wanamwita Dokta. Akaniuliza umri, uzito na urefu, akaviandika kwenye kompyuta, akanipa kijiti nishike. Dakika moja tu, karatasi zikaanza kutoka, kurasa na kurasa. "Mzee, mifupa yako inalia njaa ya kalsiamu." Nikaamini. Karatasi ina jina langu, ina namba, ina rangi nyekundu pale palipo na hatari.

Nikalipa 1,150,000 kutoka kwenye mkopo wa SACCO niliouchukua kwa ajili ya ada ya watoto. Nikapewa chupa ya kalsiamu, chupa ya glukosamini na unga wa kusafisha damu. Juu yake nikaagizwa nile mukene, wale dagaa, kila siku na kunywa supu ya molokoni, kwato za ng'ombe, ili viungo vipate mafuta.

Baada ya wiki tatu maumivu yakarudi, safari hii kidole pamoja na kifundo. Nikampigia. Akanijibu kwa sauti ya upole kabisa: "Ndiyo sumu inatoka, mzee. Ukiona maumivu yamezidi, ujue dawa imeanza kazi. Ongeza dozi." Neno hilo ndilo lililoniumiza kuliko hata pesa. Mtu akishakuambia kwamba kuumwa ni dalili ya kupona, umekwisha, huna tena namna ya kugundua kwamba unadanganywa. Nilimeza miezi minane. Na kila maumivu yalipotulia nikaisifu chupa, nikawasimulia mpaka wenzangu wa stendi ya taksi, na wawili wakaenda kununua. Hilo bado linanichoma.

Aliyeniokoa ni afisa tabibu wa kituo cha afya cha kijijini kwetu, nilipokwenda mazishini nikiwa nachechemea. Aliangalia mguu, hata chupa hakuziuliza. "Umewahi kupimwa yuriki asidi?" Sijawahi. Kipimo chenyewe ni damu kidogo ya mkononi, nililipa 20,000. Majibu yakaja 9.6, na kwa mwanamume ikizidi 7 tayari ni ya juu. Ilikuwa jongo, yaani gauti. Yuriki ikizidi kwenye damu inaganda na kuwa chembe kali kama sindano ndani ya kiungo, na shambulio lake hutulia lenyewe baada ya wiki moja au mbili, umeze kitu usimeze. Ndiyo maana nilidhani chupa inafanya kazi. Kalsiamu haina uwezo wowote juu ya chembe hizo. Na mukene wale, samaki wadogo wakavu wanaoliwa wazima, ni katika vyakula vinavyoipandisha yuriki. Nilikuwa naulisha ugonjwa wangu kila jioni kwa agizo la mtu wa koti jeupe.

Kwenye eksrei mfupa wa kidole ulionekana umelika pembeni, kama punje ya muhindi iliyoingiwa na fukusi. Hakikunji tena. Sasa natumia alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki niliyoandikiwa hospitali, yuriki imeshuka chini ya 6, nalala usiku. Lakini mfupa uliolika haurudi.

Na ile mashine? Jirani yangu naye alipimwa, msaidizi wa yule Dokta akakosea kubofya jinsia. Karatasi ikatoka inasema tezi dume imevimba. Jirani yangu ni mama wa watoto watano! Mashine inasoma ulichoiandikia, damu yako haijaiona. Tulicheka mpaka machozi, lakini 300,000 zake walikuwa wamekwisha kula.

Umetaja glukosamini. Marekani waliijaribu katika utafiti wa watu 1,583 wenye magoti mabovu, matokeo yakatoka 2006: kwa ujumla haikuishinda tembe isiyo na dawa ndani. Nyingi hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa, na mtu anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, inaweza kumzidishia hatari ya kutoka damu. Kalsiamu ni ya mifupa, haijazi gegedu lililolika gotini.

Kwa hiyo pima kwanza, ndipo umeze, na kupima maana yake ni damu na eksrei. Mpeleke mama hospitali ya serikali hapo hapo Mbale, abebe vidonge vyake vyote vya presha avioneshe, kwa sababu baadhi ya vile vya kukojoza vinapandisha yuriki. Asiviache mwenyewe lakini, hilo aamue daktari. Kipimo kikionesha amepungukiwa na kitu, hapo nunua hicho kimoja, duka la dawa lenye leseni, kiwe kimesajiliwa na NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda.

Uliuliza pia vitamini za uchovu wako wewe. Kapime wingi wa damu na sukari kwanza.

Ila nijibu hili usiku huu, usisubiri kesho: goti la mama linavimba ghafla na kuwa la moto, au linamuuma tu akipanda ngazi na akiinuka kitini? Na asubuhi vidole vya mikono vinakaza kwa muda gani kabla hajaweza kushika kikombe? Mpigie umuulize, halafu uandike hapa.